Pemba ya Mapalo

Wiki jana niliwaacha nimesimama nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, nahesabu mabonge ya udongo mweupe juu ya mkeka. Asubuhi nilikuwa nimeacha kumi na tisa. Saa sita yalikuwa kumi na moja.

Nilihesabu tena. Kumi na moja.

Leo nitawaambia yalikokwenda. Mtacheka, najua, lakini chekeni polepole, maana mimi sijamaliza kukasirika.

Kwa aliyefungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: jina langu ni Laurentine, nimefiwa na mume, nakaa Naviundu, upande wa chini karibu na mto. Nina nguruwe jike anaitwa Mapalo, maana yake baraka. Nasema nina, lakini si wangu. Ni wa akina mama wa parokia. Tuko kumi na wanne, na kila mama anamshika Mapalo kwa mimba mbili. Watoto wakikua vizuri, unabaki na majike wawili wa kwako, naye Mapalo anapita kwa mwenzako. Wakifa, anapita vilevile, na wewe unabaki na banda tupu na macho ya watu.

Mimba ya kwanza mliisoma hapa. Alizaa kumi na mmoja. Wanane walitoka wamekufa, wengine wamekauka tumboni tangu zamani. Watatu waliobaki hawakumaliza wiki.

Mimba ya pili ndiyo hii. Na banda lile, msisahau, alilijenga Rigobert, marehemu mume wangu, kwa mbao za zamani za reli alizoachiwa na baba yake. Alipiga msumari wa mwisho siku ya Jumamosi. Mwezi haukwisha tukamzika. Hakumwona nguruwe akiingia. Kwa hiyo Mapalo akifungwa kamba na kutolewa pale kabla hajaniachia watoto, kwangu mimi ni Rigobert anatolewa nyumbani mara ya pili. Siwezi. Ndiyo shida yangu yote, sina nyingine.

Daktari wetu wa mifugo ni msichana mmoja, Joëlle, mdogo wa mwili, mkali wa mdomo. Baada ya msiba wa wale watoto kumi na mmoja alikuja, akaingiza mkono kwenye gunia langu la pumba za mahindi, akanusa, akanipa ninuse na mimi. Ukungu. Akanieleza kwamba ukungu ule una sumu. Nguruwe mkubwa anaivumilia, watoto walio tumboni hawaivumilii. Kumbe nilikuwa nawaua mmoja mmoja kwa ndoo yangu mwenyewe, asubuhi na jioni, tena huku naimba.

Mapalo aliposhika mimba tena, Joëlle akaniletea vitu viwili. Cha kwanza, unga wa kahawia wenye vitamini na madini, wanauita premiksi. Huo haukunisumbua. Cha pili, udongo mweupe, laini sana, alioupata kwa mfugaji mmoja mkubwa wa upande wa Karavia. Ukiingia tumboni unaikamata ile sumu ya ukungu na kutoka nayo nje. Msimu wa mvua pumba zote zinashika ukungu, hata ukinunua mpya, hivyo bila udongo ule mimba ya Mapalo haina kinga.

“Hii haiko dawa, Mama,” aliniambia. “Iko kintu ya kuongeza mu chakula. Kijiko moja kwa ndoo ya asubuhi, kila siku, mpaka atazala. Siku yenye utasahau, sumu haitasahau.”

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia. Kilichoniharibia si masikio, ni roho mbaya.

Maana kuna Chileshe. Chileshe ndiye anayenifuata kwenye orodha ya kumshika Mapalo. Akija kunisalimia, mdomo unauliza habari zangu, macho yanapima banda. Naye ana nguruwe wake mdogo wa nyumbani, mwenye mimba pia. Alisikia habari za udongo, akaja kuniomba kikombe kimoja tu.

Mfuko ulikuwa mezani ndani. Nikamwambia Joëlle hajaleta.

Alipotoka nikauficha mfuko jikoni, nyuma ya makaa, kwenye ile pembe ambayo bati lake linavuja. Najua bati linavuja. Nimekaa chini ya bati hilo miaka ishirini. Lakini mtu mwenye roho mbaya anasahau hata nyumba yake. Mvua ikanyesha siku tatu, na nilipovuta mfuko nikavuta tope.

Nilikasirika mpaka nikakaa chini. Kumwambia Joëlle, siwezi. Kumwomba mwingine, hakuna. Nikafikiri, udongo ni udongo, ukikauka unasagwa tena. Nikaufinya kwa mkono, bonge moja kwa kijiko kimoja, ukubwa wa kidole gumba, ili nisikosee kipimo. Nikatandika mkeka nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la Keren, kwa sababu ndipo jua linapokaa na ndipo mtu wa barabarani haoni.

Keren ni mke wa mwanangu Elisée. Elisée anafanya biashara ya samaki Kasenga. Alikwenda kwa ajili ya samaki akarudi na mke, na mimba ilifika kwangu kabla ya salamu. Watu wa Keren hawajaja kwetu, sisi hatujaenda kwao. Elisée akaniachia msichana na begi moja, akarudi kwenye samaki wake. Mpaka leo ni miezi minne. Namwambia maji yako pale, bukari, ndio ugali wetu, iko tayari, na hapo maneno yameisha. Sikumtukana hata siku moja. Sikumpa kitu hata siku moja pia.

Basi, mabonge yalianza kupungua. Moja leo, moja kesho, na mimi nadhani nimehesabu vibaya. Hadi Jumamosi ile yalipotoka nane kwa mpigo.

Kuku? Kuku wangu wanapita juu ya mkeka bila hata kuinama. Panya? Panya angeacha alama. Nikakumbuka kwamba wiki ile Chileshe alipita kwangu mara tatu, na mara moja alizunguka nyuma ya nyumba akisema anatafuta choo, wakati choo chetu anakijua tangu tulipohamia hapa. Nikasema nimempata.

Jumapili, baada ya misa, watu wanapeana mikono uwanjani, nikamshika kiwiko. Nia yangu ilikuwa kusema polepole, Mungu shahidi. Sauti ikatoka yenyewe.

“Chileshe, udongo ya Mapalo unapelekaka wapi?”

Alinitazama. Hakuelewa kwanza. Halafu nikaona anaelewa, na si lile nililotaka aelewe.

“Udongo gani?” akasema. “Si wewe njo ulisema Joëlle hayaleta?”

Nilikuwa nimeusahau uongo wangu. Mnaona mambo hayo? Nilijenga uongo wiki tatu, nikauangusha mwenyewe kwa sentensi moja, mbele ya kanisa lote. Wale mama waliokuwa wanaaga wakaacha kuaga. Chileshe hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Aliuliza kwa utulivu amenikosea nini hata nimnyime kikombe cha udongo, na nikishamnyima nimwite mwizi wa kitu ambacho nilimwambia hakipo. Nikasema tu kwamba udongo umeibiwa na aliyeiba anajulikana.

“Basi siku ya ine tutakuya kwako, bamama bote,” akasema. “Utatupatia mwizi na jina yake. Kama hauna jina, mi nitakuya na kamba ya kukamata Mapalo.”

Siku ya nne ni Alhamisi. Nilirudi nyumbani na siku nne za kutafuta jina.

Jumatatu akaja Joëlle kumpima Mapalo. Alimbonyeza tumbo, akatulia, akasema watoto bado wanacheza. Nikapumua. Kisha akaona chakula kimebaki kwenye chombo, na Mapalo amelala upande tangu asubuhi, hataki hata kunyanyua sikio. Akataka kuona udongo. Nikamletea yale mabonge tisa yaliyobaki, maana mawili nilikuwa nimeshasaga.

“Hii iko nini, Mama? Unatengeneza bitumbua?”

Nilimweleza kuhusu mvua. Sikumweleza kwa nini mfuko ulikuwa pale mvua inapoingia. Alinikaripia kwa Kifaransa, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu nakosa mahali pa kujitetea. Hesabu yake ilikuwa fupi: nguruwe anabeba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Mapalo alitimiza miezi mitatu jana yake. Bado siku ishirini na tatu, na mimi nina mabonge tisa. Yule mfugaji wa Karavia hana udongo mwingine kabla ya mwezi ujao. Akaniambia nichague pumba punje kwa punje, nizianike kila jua linapotoka, yeye atatafuta. Hakuahidi.

Nilichagua pumba siku nzima. Mtu asiniambie kwamba pumba hazichaguliwi. Zinachaguliwa, lakini mgongo wako hautakusamehe.

Jumanne ni siku ya dreshi. Dreshi ni mabaki ya nafaka ya kiwanda cha bia, nguruwe wanayapenda, na mimi ananiletea Guelor kwa baiskeli, kila Jumanne na kila Alhamisi. Mlishike jina hilo. Guelor ni mtu mpole, amefiwa na mke, anapiga hodi mara tatu kabla ya kushusha gunia hata kama mlango uko wazi na unamtazama. Kati yetu kuna dreshi na salamu tu. Nasema hivi mapema.

Alikuwa bado anafungua kamba za gunia tuliposikia ndoo imeanguka. Keren alikuwa chini, maji yamemwagika pande zote, macho yamegeuka. Mimi nilisimama kama mti. Guelor ndiye aliyetupa gunia, akamwinua, akamkalisha kwenye baiskeli, na tukamsukuma hadi kituo cha afya, yeye kushoto mimi kulia. Yeye akabaki nje na baiskeli yake, mimi nikaingia.

Muuguzi, mama mmoja anaitwa Léa, akamvuta Keren kope la chini. Ndani palikuwa peupe. Damu kidogo, akasema, kidogo sana kwa mimba ya miezi saba. Akamuuliza anakula nini, Keren akajibu. Bukari, samaki, majani. Akamuuliza kitu kingine.

“Unakulaka pemba?”

Keren akainamisha kichwa.

“Nakulaka, Mama. Ile mama mukwe ananiwekeaka.”

Kwa wasomaji wa mbali: pemba kwetu ni udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa mabonge, na wenye mimba wanautafuna. Hamu inakuja yenyewe. Mimi nilipokuwa na Elisée nilikula mpaka Rigobert akasema nitazaa tofali. Ukimwona mwanamke wa hapa anatafuna pemba huulizi, unampongeza.

Mimi sijawahi kumnunulia Keren pemba. Nikataka kusema hivyo. Ndipo nikauona mkeka akilini. Ndipo nikaona mabonge, meupe, yamepangwa mistari, chini ya dirisha lake.

Léa alikuwa ameshanigeukia.

“Mama, weye mwenyewe ulizala. Unamupatia mutoto wa bantu udongo ya kiasi hii?”

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapotubu kweli. Msichana yuko kitandani, mweupe machoni, mjukuu wangu tumboni mwake. Na kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa furaha. Nilifurahi mpaka mikono ikapata joto. Nina mwizi. Nina jina. Chileshe arudi na kamba yake, Mapalo anabaki, banda la Rigobert linabaki.

Huruma ilikuja baadaye, ikakuta nafasi imekaliwa.

Nilitoka uani nikampigia Joëlle simu. Sikutaka ajue, kwa hiyo niliuliza kwa kuzunguka: huo udongo, kwa mfano, mtu mwenye mimba akiula, kunatokea nini? Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema hauna sumu, hautamuua mtu, lakini ukiwa mwingi tumboni unashika na vitu vizuri vya chakula, na anayeula aache leo. Akauliza ni nani. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Léa alimpa Keren vidonge vya kuongeza damu, akamkataza pemba ya aina yoyote, akaturuhusu. Guelor nikamwambia aende, tutatembea polepole. Alisitasita, kisha akaondoka.

Njiani nikamuuliza Keren, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, nani alimwambia kwamba ile ni pemba yake.

“Hakuna mutu,” akasema. “Ulitandika pa dirisha yangu. Mu nyumba hakuna mwengine iko na mimba. Bidole byako binaonekana juu, ulifinya moja moja. Nikasema, mama hasemaka mingi, lakini ananiwaza.”

Tulikuwa tumefika kwenye daraja dogo. Alisimama kupumzika, akashika ukingo, akaendelea. Alikuwa anakula moja moja ili zisiishe haraka. Zile nane za Jumamosi hakuzila. Alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka chini ya mto wa kulalia, za kwenda nazo siku ya kuzaa, kwa sababu mama yake mzazi yuko mbali na alitaka kuwa na kitu cha mama mkononi.

Nilitaka kumwambia pale pale. Keren, ile ni ya nguruwe. Maneno ni matano tu. Niliyahesabu. Nikamwambia tutembee, jua litatuchoma.

Na bado, msinione mtu mzuri. Jumatano nzima nilizunguka na hesabu yangu. Mabonge nane chini ya mto wa Keren ni siku nane za Mapalo. Kuyaomba ni kusema. Na kesho yake Chileshe anakuja. Nilijiambia Keren ni mtoto, atasahau. Nilijiambia ni aibu ya siku moja. Uongo huo. Naviundu hakuna aibu ya siku moja. Kuna mzee upande wetu wanamwita Sabuni mpaka leo kwa kitu alichofanya akiwa na miaka kumi. Keren angeitwa mla chakula cha nguruwe na mtoto wake angeitwa hivyohivyo kabla hajabatizwa.

Nilijua yote haya. Jioni ya Jumatano nikaamua. Nitamtaja.

Nilitengeneza hata sentensi. Nitasema ni kosa la mtoto, nisameheni kwa niaba yake, na wewe Chileshe nisamehe pia. Sentensi nzuri. Inamwacha kila mtu mahali pake isipokuwa Keren.

Alhamisi, saa tisa, wakafika. Wote kumi na watatu, na Joëlle pia, maana Chileshe alimwita awe shahidi. Nikaazima viti kwa majirani, na majirani wakavifuata viti vyao kuja kusikiliza. Tukasali kwanza. Chileshe alisali kwa sauti kuliko wote, kamba mpya ya bluu imekunjwa magotini.

Mapalo, upande wa banda, alikuwa amenyanyuka. Siku ile alikuwa amekula ndoo nzima, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Pumba nilizochagua mimi punje kwa punje. Nilimwona anakuna ubavu kwenye mbao za Rigobert, tumbo limegusa chini, nikasema moyoni, kaa hapo mama, mimi namaliza sasa hivi.

Chileshe akasema hakuja kugombana. Alikuja kusikia jina.

Nikasimama. Jina lilikuwa mdomoni, naapa, lilikuwa limeshagusa meno.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Keren. Amevaa kitenge safi, ameshika kitambaa kilichofungwa, anatembea kwa uangalifu. Akapiga magoti kidogo kuwasalimia wakubwa, akaja moja kwa moja kwangu.

“Mama, muuguzi alinikataza,” akasema. “Nakurudishia pemba yako, isiharibike bule.”

Akafungua kitambaa mbele ya watu wote. Mabonge nane, meupe, na vidole vyangu juu yake.

Joëlle alijongea kwenye kiti chake. Chileshe akanyoosha mkono, akachukua bonge moja, akaligeuza, akalinusa, kisha akamtazama Keren, tena kwa macho ambayo nilikuwa nayafahamu, kwa sababu yalikuwa yangu ya tangu juzi. Akafungua mdomo.

Na Keren alikuwa anatabasamu. Alikuwa anafurahi kwamba watu wanaona alichopewa.

“Ni mimi,” nikasema.

Chileshe akafunga mdomo.

“Hakuna mwizi. Ni mimi nilikulaka. Hizi nane nilimpatia Keren anifichie. Chileshe, unisamehe, nilikuwa na haya.”

Sentensi yangu nzuri ya Jumatano sijui ilikwenda wapi. Nikamnyang’anya Keren kitambaa, nikamwambia aende akalale. Alinitazama kwa mshangao, lakini ni mtoto mtiifu, akaenda. Nikakaa. Nilihisi nimefanya jambo zuri, la kwanza tangu mvua ile, na nikawa nangoja wanihukumu kwa habari ya udongo na nguruwe.

Hawakunihukumu. Nikainua macho. Mama wote kumi na watatu, na majirani na viti vyao, walikuwa wananitazama. Si usoni. Chini kidogo.

Tumboni.

Ndipo nikakumbuka nani anakula pemba.

Nilitaka kucheka. Nina miaka arobaini na sita, nimefiwa miaka mitatu, na mwezi huu nimenenepa kidogo kwa sababu hasira zangu nazila na bukari. Nikasema hapana, ngojeni, si hivyo. Lakini aliyesema hivyo baada ya kusema nilivyosema, nani atamwamini?

“Njo maana,” akasema Joëlle polepole. Msichana yule hajui kusema uongo, ni ugonjwa wake. “Njo maana juzi, siku ya pili, uliniuliza ku telefone kama mutu mwenye mimba akikula, kunakuwa nini.”

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akamshika mwenzake paja.

“Laurentine,” akasema Chileshe, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sauti yake haikuwa na ubaya, ilikuwa na njaa. “Iko ya nani?”

Nikamtazama Mapalo kama vile angenisaidia. Mapalo akanigeuzia mgongo.

Nikavuta pumzi nimwage kila kitu, Keren na yote, Mungu anisamehe. Basi hapo ndipo tukasikia kwenye wigo.

Hodi. Hodi. Hodi.

Alhamisi. Siku ya dreshi.

Guelor aliingia akisukuma baiskeli, jasho linamtoka, akaona watu wengi, akavua kofia. Aliwasalimia mama wote kwa pamoja, akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba wasiwasi tangu Jumanne.

“Mama Laurentine,” akasema, “mwenye mimba iko namna gani? Siku mbili silali juu ya kumuwaza.”

Chileshe akaiweka kamba chini. Akavuta kiti karibu, akakaa vizuri.